Majina ya Zamu

Mahege, 10 Mfungo Nane, 1323

Kwa mke wangu Mwanaharusi binti Shaabani, aliyeko Mbwera kwa mama yake.

Salamu zangu, bibie, na salamu za mama yangu Mwajabu juu yake. Tangu uondoke kwenda kujifungulia kwenu, mama ananipikia ugali mgumu, ukimtupia mbwa unamuumiza. Sijui ni uzee au ananikomoa kwa kukuruhusu uende. Miye mzima, nyumba nzima. Mbuzi wako amekula ukingo wa mkeka wetu na nimemsamehe kwa ajili yako.

Barua hii anakuletea Mwantumu muuza chumvi. Jibu lako liandike, usimpe maneno ya mdomo, maana maneno akiyabeba Mwantumu, yakifika Bungu yameshazaa watoto.

Habari kubwa ni moto. Juzi baada ya alasiri Bi Semeni alikuwa anakaanga samaki, upepo huu wa kiangazi ukachukua cheche ukaipandisha kwenye paa. Nikapuliza baragumu. Wallahi ungewaona watu wa chama chetu cha kuzima moto! Khamisi alitoka mbio kiatu mguu mmoja, mkewe Siti nyuma yake na mtungi kichwani. Abdalah, ambaye hasemi na Bi Semeni tangu ule ugomvi wa kuku, ndiye aliyetangulia kupanda na upembo, ule mti wa kulabu, kuezua makuti. Kila nyumba ilitoa mtungi wake wa mlangoni, tukapokezana maji mpaka moto ukafa. Tumepoteza paa upande mmoja na samaki wote. Kuta zimesimama. Bi Semeni anawalilia samaki wake mpaka leo.

Sasa shida yangu. Ile karatasi ya zamu uliyotuandikia mwaka juzi imeliwa na mchwa, na watu wanagombana nani alinde siku gani. Mwandiko wangu hawautaki, wanasema herufi zangu zinakwenda upande kama kaa. Tuandikie upya. Majina yote thelathini na moja unayajua: la kwanza mimi, mkubwa wa chama, kisha Khamisi, kisha Abdalah, na kuendelea kwa mpangilio wa siku kama zamani. Juu yake andika kiapo chetu tulichokula mbele ya msahafu, kwamba moto hauchagui paa, nasi hatuchagui.

Mwinyimvua usimtoe, hata ukisikia maneno. Alikwenda ng'ambo ya mto kwa yule mganga anayetoa maji ya kugeuza risasi, amerudi na kichupa shingoni na macho mekundu. Ni mambo ya kupita. Mwaka jana alikuwa anatafuta hazina.

Kula, lala, usibebe ndoo.

Mumeo, Mshamu bin Kondo


Mbwera, 25 Mfungo Nane

Kwa Mshamu bin Kondo, mkubwa wa maji na mchanga.

Salamu zako zimefika, na za mama mkwe nimezipokea kwa mikono miwili. Ugali wake ule bila kununa. Mimi nimenona mpaka pete haitoki kidoleni, na mwanao anapiga mateke kila nikisujudu. Mama anasema ni msichana kwa sababu nimekuwa mkali. Baba anasema nilizaliwa mkali, hiyo si dalili.

Karatasi ya zamu hii hapa, majina thelathini na moja na kiapo juu. Safari hii muihifadhi, jamani. Mchwa wenu wamesoma kuliko nyinyi.

Sasa sikiliza, na usicheke. Watu wanaoleta mpunga kutoka juu ya mto wanasema Wamatumbi wameng'oa pamba ya serikali shambani, mchana kweupe, na wamemfukuza akida wao. Wanasema wanapulizana baragumu kijiji hadi kijiji. Nilipolisikia neno baragumu, nikauweka ungo chini. Weye unalo moja, limening'inia juu ya kitanda chetu, na Mahege nzima inajua ni lako.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini hakuna aliyesema lazima ilie mdomoni mwako. Mpe Khamisi alishike mwezi mmoja. Njoo huku mpaka nijifungue. Kwetu kuna visiwa na mikoko, hata mwenyeji hupotea, sembuse askari. Miye sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Ule mkufu haukuwa mkubwa.

Naogopa, Mshamu. Nakwambia waziwazi ili baadaye usiseme hukuambiwa.

Mkeo, Mwanaharusi


Mahege, 18 Mfungo Tisa

Mke wangu mpenzi,

Salamu. Karatasi imefika, nimeiweka darini msikitini ndani ya mfuko wa ngozi. Khamisi hajui kusoma, lakini aliomba aonyeshwe jina lake. Akalitazama sana, akasema, "Kumbe mimi ni mfupi hivi." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Tulikihitaji hicho kicheko.

Unaniambia nije. Nitakuja, inshallah. Ila makuti yamekauka, mtu akipiga chafya karibu na jiko naogopa. Nikiondoka sasa nimevunja kiapo nilichowaapisha wenzangu.

Vita ni kweli vipo, lakini viko mbali, ng'ambo ya mto. Huku kwetu ni maneno tu. Wiki iliyopita lile banda la pamba la akida wetu lilishika moto kidogo. Nasema kidogo. Lilitiwa moto na Mwinyimvua na wenzake waliokunywa maji, jua likiwa bado juu. Banda lenyewe unalijua, limeegemeana na nyumba kumi za watu. Nikapuliza. Watu walikuja, ila safari hii kila mmoja alifika na kunitazama kwanza usoni. Nikawauliza kama kiapo kinasema tuzime moto isipokuwa wa akida. Basi wakaingia kazini, nyumba kumi zikapona na nusu ya banda.

Mwinyimvua alisimama pembeni hakugusa hata kata ya maji. Alisema tumemzimia mbwa moto wa mkia. Akida naye hakusema hata ahsante.

Nimeungua kidogo mkononi, si kitu. Usiogope. Mwandiko umekuwa mbaya kwa sababu kalamu imechakaa.

Mumeo, Mshamu


Mbwera, 2 Rajabu

Mshamu,

Kalamu imechakaa! Hayo ni maandishi ya mkono wa kushoto. Nimelala na weye miaka mitatu, unadhani sitajua? Na Mwantumu, ambaye kwa mara ya kwanza nimemshukuru kwa mdomo wake, ameniambia yote. Mkono wa kulia umevimba kama muhogo, vidole havikunji. Na asubuhi moja mmekuta mlangoni makuti matatu yaliyoungua, yamepangwa juu ya jivu, ya kuwatisha kwamba mtachomwa, na mama Mwajabu hajatoka uani tangu siku hiyo. Hayo ndiyo maneno tu?

Nawe nikueleze ya kwetu, maana sina tabia ya kuficha. Meli ya serikali ya Wadachi imetia nanga mdomoni mwa mto. Askari wako kila gati. Mtu yeyote akitoka bara wanamuuliza, kwenu wamekunywa maji? Anayebabaika wanamfunga. Juzi wamempitisha mzee mmoja hapa mbele ya nyumba, kamba shingoni, anasoma Yasini kwa sauti. Nilifunga dirisha nikaketi chini, mtoto akageuka tumboni nikasikia.

Mjomba Salumu, yule ndugu yake mama aliye karani wa mzungu wa boriti za mikoko, alikuja jioni. Anasema askari wataingia Kibiti, Bungu, Mahege, kote, na kijiji ambacho hakina mtu wa kukisemea kitachomwa chote. Amesema hivyo huku anakula wali wetu.

Basi kuna jambo nimelifanya. Sikwambii ni lipi, maana utanipigia kelele kwamba mwanamke amejiingiza. Siku utakayolijua utanishukuru, na ule mkufu mwingine utaununua. Tangu nilifanye nimelala usingizi mara ya kwanza.

Lakini njoo. Hata hivyo njoo.

Mkeo, Mwanaharusi


Mahege, 24 Rajabu

Mke wangu,

Naandikia juu ya goti, chakani. Usimwambie mama yako ninayokueleza, utaongeza watu wa kulia.

Askari walifika Jumapili iliyopita wakati wa dhuhuri. Mimi nilikuwa bondeni nachimbia mama muhogo, ndiyo maana naandika. Mzungu wao alikaa barazani pa msikiti na karatasi mkononi, mkalimani akasoma majina. La kwanza langu. La pili la Khamisi, la tatu la Abdalah. Mwanaharusi, walisoma majina yetu yote, kwa mpangilio wa zamu! Khamisi alipoitwa alijitokeza mwenyewe. Alidhani wanataka wazima moto, labda kuna kitu kinaungua.

Mkalimani akauliza kama ni kweli wamekula kiapo. Khamisi akasema kweli. Kama ni kweli baragumu likilia wote hukimbia. Akasema kweli. Kama kila nyumba ina maji mlangoni. Akasema, tazama mwenyewe, yale pale. Mzungu akatazama: kila mlango mtungi, kata, na fungu la matawi mabichi ya kupigia moto. Hivyo vitu vyote wameshaviona ng'ambo, mlangoni mwa waliokunywa dawa. Hawakuuliza tena.

Khamisi na Abdalah wamenyongwa Jumanne; wengine waliwahi kukimbilia msituni. Mitungi yote imevunjwa. Kijiji hakina mahali pa kuweka maji na jua ni hili. Shahidi wetu angekuwa akida, kwa kuwa tulilizima banda lake, lakini akida ameuawa njiani na watu wa Mwinyimvua siku tatu kabla. Askari wameondoka kwenda kusini, wamesema watarudi kwa waliobaki. Tunalala msituni. Wake zetu wanapika usiku tu, moshi usionekane. Siti, mke wa Khamisi, hapiki kabisa. Anakaa mlangoni na vigae vya mtungi wake.

Karatasi yetu iko darini pale pale, nimeigusa. Kwa hiyo kuna mtu alinakili. Ni mtu anayetujua, maana ameandika mpaka kiapo. Wengine wanamtaja Mwinyimvua, ila Mwinyimvua hajui alifu. Wengine wanamtaja Mwantumu, kwa sababu anapita kote.

Tumekubaliana tusimguse mtu kwa dhana. Tutamsomea Halbadiri, Ijumaa ya tarehe 6 Shaabani, chama kizima. Unajua ile dua haimkosi mwenye kosa. Atavimba, atakauka, yeye na kizazi chake. Mimi mwenyewe nitakaa mbele, na nitaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Khamisi alikuwa ndugu yangu.

Ulisema kuna jambo umelifanya. Bila shaka umeweka nadhiri, au baba yako ameniombea. Mungu akupokelee. Nahisi ndilo lililonipeleka bondeni siku ile.

Mumeo, Mshamu


Mbwera, 29 Rajabu

Mshamu, soma peke yako. Usisome barazani kama kawaida yako. Kama kuna mtu karibu, kunja kwanza.

Msisome hiyo dua. Aliyeandika ni mimi.

Nilipowaandikia karatasi ya zamu nilimwaga wino kwenye ile ya kwanza, nikaandika nyingine safi. Yenye wino nilibaki nayo. Mjomba Salumu aliposema kijiji kinataka mtu wa kukisemea, nikasema mimi nitasema. Nikamwandikia mzungu wa askari. Nilikaa mchana kutwa nikichagua maneno. Nikaandika kwamba mume wangu si mwasi, ni mkubwa wa watu thelathini waliokula kiapo pamoja. Kwamba akipuliza baragumu wote hukimbia na maji, hawaulizi ni la nani. Kwamba kila mmoja ana maji mlangoni mwake siku zote. Nikaambatisha na majina, ili askari wajue ni nani wasiwaguse. Jina lako nilianza nalo. Mjomba akaigeuza kwa Kidachi, akaipeleka.

Niliisoma mara mbili kabla ya kuitoa na sikuona kitu, Mshamu. Ninaapa. Niliona wanaume wa Mahege na ndoo zao. Juzi niliposoma barua yako ndipo nikaisikia ile yangu kama alivyoisikia yule mzungu.

Umepata binti. Alizaliwa tarehe 26, alfajiri, bila taabu. Siku mbili alikuwa mzima. Tangu jana joto limempanda, hanyonyi, analia sauti ndogo kama paka. Mama anasema ni kawaida ya watoto wa joto hili. Mama hajui mnachotaka kusoma Ijumaa. Najua bado hamjasoma. Najua, nimehesabu siku. Lakini nia mmeshaweka, na mimi namshika mtoto, namhesabia pumzi.

Unasema utaitikia amina kuliko wote. Utakuwa unamwitikia huyu.

Waambie ni mimi, kama ndiyo njia ya kuwazuia. Nitakubali lolote litakalonipata, ila lisimpate huyu. Mwantumu msimguse, hana kosa. Nimempa barua hii na nimemwambia asilale njiani. Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza hakuuliza kitu.

Mwanaharusi


Mahege, 8 Shaabani

Mwanaharusi,

Salamu sijui nikupe ipi, kwa hiyo tuanze bila.

Barua ilinifikia Alhamisi jioni. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika mpaka nikaupiga mti, na mkono huu ulioungua ukapasuka tena. Nilikutukana kwa sauti, msituni, akanisikia mbuzi wako tu. Mara ya pili nikamwona Khamisi anavyojitokeza akidhani kuna moto. Mara ya tatu nikafika pale uliposema mtoto hanyonyi, na sikuendelea.

Ijumaa walikaa wote, ishirini na saba ukinitoa mimi na Mwinyimvua, ubani unafuka, kitabu kimefunguliwa. Siti na mama yake Abdalah walikaa nyuma ya pazia. Mwalimu alipovuta pumzi aanze, nilisimama. Nikasema, msisome. Majina yametoka nyumbani kwangu.

Mtu mmoja akauliza, kwa mkono wa nani? Nikasema wangu. Nilisema niliwaandikia Wadachi ili watuache, sikujua watasoma vile. Mzee mmoja akautazama mkono wangu wa kulia uliofungwa kitambaa, ambao tangu moto wa banda haujashika hata kijiko. Akautazama kwa muda, kisha akageuza uso. Nadhani wote waliona. Hakuna aliyesema.

Kitabu kikafungwa. Dua haikusomwa, hata herufi moja. Mwambie binti yetu hivyo, mnong'oneze sikioni.

Walijadili mpaka magharibi. Wengine walitaka nipelekwe kwa askari, jina langu la kwanza kwenye orodha, labda wengine wapone. Wengine wakasema damu mbili zinatosha. Mwisho walinihukumu kwa sheria ya chama. Baragumu wamelichukua. Nimetolewa. Na nyumba yangu ikishika moto, mbiu haitalia, na hakuna atakayetoka na maji.

Unaijua hukumu hiyo. Tulipoitunga tulicheka, tukasema nani atakuwa mwovu kiasi hicho. Sasa mama anapika nje, usiku, mbali na makuti, kijungu kimoja kwa siku, na miye nimesimama juu yake na fungu la matawi. Nikisikia kitu kinapasuka ovyo naruka. Jirani walikuwa wakipita wanaomba kaa la moto, sasa wanazunguka. Siogopi askari kama ninavyoogopa cheche, nakwambia kweli.

Sasa sikia neno langu, na hili si ombi. Usimwambie mtu. Usimwambie baba yako, usimwambie mama yako. Kaa huko mpaka mvua zinyeshe, mtoto atimize arubaini na zaidi. Ukirudi, Siti atakuja kumpokea mtoto, desturi ni desturi, hata kwangu mimi atakuja kwa ajili yako. Atamweka mapajani, atamwombea. Weye utampa kwa mikono miwili na utasema ahsante. Hutasema neno jingine lolote, siku hiyo wala siku yoyote. Nimeshasema mimi. Limekwisha.

Niandikie habari za joto la mtoto. Hilo tu niandikie.

Mshamu


Mbwera, 15 Shaabani

Mume wangu,

Barua yako nimeisomea nje juani, ambako mzazi wa siku kumi na tisa hatakiwi kukanyaga. Mama alipiga kelele. Nilimwambia, mama, niache.

Mtoto mzima. Joto lilishuka Jumamosi, Jumapili akanyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni. Ana paji lako la uso, maskini. Nimemnong'oneza ulivyoniagiza.

Nakushukuru, na nimekukasirikia, vyote pamoja. Miye niliandika bila kukuuliza, nawe umejibu bila kuniuliza. Hapo tumelingana. Lakini ya kwamba limekwisha, hapana. Halijaisha. Umelibeba tu ukaliingiza ndani, na nyumba yenyewe sasa haina mtu wa kuizimia.

Unasema Siti asijue. Hivi unamjua Siti? Alikuwa nyuma ya pazia, na pazia lina macho. Mkono wako ameuona kama wenzake walivyouona. Siku atakapomshika mwanangu atamtazama mtoto, kisha atanitazama miye, nami nitatazama chini, na hapo atakuwa amelipata kwa kuliokota. Mumewe alijitokeza mwenyewe alipoitwa jina, na jina hilo niliandika mimi, kwa mwandiko mzuri. Nimpe mtoto wangu amwombee, na nimekaa kimya? Nitawezaje kula mbele yake? Nitawezaje kuchota naye maji?

Usije ukasema mkeo jasiri. Ninaogopa mpaka maziwa yanakataa kushuka. Naogopa atanitemea mate. Naogopa mama yake Abdalah atamlaani huyu mtoto ambaye hajatenda kitu. Naogopa watanipeleka kwa mwalimu na kile kitabu kitafunguliwa tena. Usiku nayapanga maneno nitakayosema, asubuhi sikumbuki hata moja. Lakini kulala chini ya yale makuti makavu, nikijua yakishika watu wote wa Mahege watakaa ndani mwao wakisikiliza, na weye umelazwa humo kwa kosa langu, hapana, Mshamu, hilo siliwezi. Bora nisemwe.

Baba ameshajua. Nilimwambia jana baada ya isha. Akasema atanifikisha Nyamisati kwa mtumbwi. Kutoka hapo nitatembea na Mwantumu, na yeye pia ameshajua, na unavyomjua, amenyamaza siku mbili nzima. Tukijaliwa tutaingia Mahege Jumatano, kabla ya adhuhuri.

Usije kunipokea njiani. Mama Mwajabu asinipikie. Nitapita nyuma ya mashamba, na kwako sitafika kwanza. Nitakwenda kwa Siti na mtoto mgongoni. Nitapiga hodi, na akisema karibu sitaingia. Nitasema nikiwa nje.

Mkeo, Mwanaharusi binti Shaabani